MAUA YA UZI: HISTORIA ILIYOFUMWA NA MIKONO YA MAMA ZETU



Kila sifa njema ni ya Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, kina baba, kina mama na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni. Katika nyumba nyingi za nchi zetu, iwe Kampala, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, mgeni akikaribishwa sebuleni hukuta vitambaa vya kufuma juu ya makochi na meza. Mara nyingi katikati ya kitambaa kuna ua. Siku hizi tunaona pia maua kamili yaliyofumwa kwa krosheti, yenye petali, majani na kikonyo, yakiwa yamesimama ndani ya chombo kana kwamba yamechumwa bustanini asubuhi hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya Kizungu tangu asili yake, na kwamba sisi Waislamu tumeichukua tu kwa wengine. Katika makala hii tutaona kwamba moja ya shule kubwa za maua ya uzi ilikuwa ndani ya nyumba za Waislamu, katika nchi ya Uturuki. Tutaona pia kwamba maua hayo hayakuwa pambo peke yake. Kwa wanawake wengi yalikuwa ni ulimi wa kusemea, na yalikuwa ni riziki.

KWA NINI MAUA?

Swali la kwanza ambalo kijana anaweza kuuliza ni hili: kwa nini Waislamu walipamba kwa maua kuliko kwa picha za watu na wanyama?

Jibu lipo katika mafundisho ya dini yetu. Imepokewa katika Swahihi mbili, Bukhari na Muslim, kwamba Mama wa Waumini 'Aishah (Radhiya Allahu 'anha) alitundika nyumbani kwake pazia lenye picha. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) hakuridhika nalo, na likaishia kukatwa na kufanywa mito ya kuegemea. Tena imepokewa kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa ni kuchora picha alimwendea Ibn 'Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) kutaka ushauri. Ibn 'Abbas alimweleza makatazo ya kuchora viumbe, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuendelea na kazi yake, basi achore miti na vitu visivyo na roho.

Basi mlango huo ukawa wazi, na mafundi wa Kiislamu wakaingia kwa wingi. Katika Surat Qaaf tumeelekezwa kuitazama ardhi jinsi ilivyooteshwa kila namna ya mimea ya kupendeza. Mwenye kutazama ua kwa makini ili aweze kulifuma hujikuta anatafakari kazi ya Muumba wake.

BUSTANI YA WATURUKI

Nchi ya Uturuki ina baridi kali. Theluji ikishayeyuka, kati ya mwezi wa Machi na Mei, ardhi hufunguka na maua hutoka kwa pamoja. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna majira hayo. Tuna masika na vuli. Kwa hiyo ni vigumu kwetu kuelewa furaha ya mtu aliyekaa miezi mitano haoni jani bichi, kisha siku moja akaona ua la sumbul limechomoza mlangoni kwake.

Maua yaliyopendwa sana yalikuwa lale, yaani tulipu, sumbul, nargisi, waridi na karanfil. Hilo la mwisho lina habari ya kutuhusu. Kwa Kituruki neno karanfil ni jina la ua hilo na pia ni jina la karafuu, ile ile ya Unguja na Pemba. Neno hilo na neno letu "karafuu" yamehusiana kupitia Kiarabu, qaranful. Ua hilo limepewa jina hilo kwa sababu harufu yake inafanana na ya karafuu.

Lale nalo lilipewa heshima ya pekee. Likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi zake ni alif, lam mbili na ha, herufi zile zile za jina la Allah, na kwa hesabu ya abjadi yote mawili yanatoa 66. Hii ilikuwa ni desturi na mapenzi ya watu wa huko, wala si dalili ya kisheria, lakini inatuonesha kwa nini ua hili likawekwa hata misikitini.

Katikati ya karne ya 16, zama za Sultan Süleyman, mkuu wa wachoraji wa kasri la Istanbul alikuwa fundi aitwaye Kara Memi. Yeye ndiye aliyejulikana kwa kuchora maua kama yalivyo bustanini, yenye kutambulika kila moja kwa jina lake. Mtindo huo ukaenea kwenye vigae, nguo na vitabu. Mpaka leo anayeingia Msikiti wa Rüstem Paşa mjini Istanbul, uliojengwa miaka ya 1560, hukuta kuta zimejaa vigae vya İznik vyenye maua ya lale ya kila aina.

Mapenzi hayo yaliwahi kuvuka mpaka. Kati ya mwaka 1718 na 1730, wakati wa Sultan Ahmed wa Tatu, matajiri wa Istanbul walishindana kununua vitunguu vya lale kwa bei za kutisha mpaka serikali ikalazimika kupanga bei. Karamu za bustanini zikawa nyingi huku wananchi wakilalamika maisha magumu. Mwaka 1730 yakazuka maasi yaliyoongozwa na Patrona Halil, na Sultan akaondolewa. Hapa tupate funzo: ua ni neema, lakini israfu huigeuza neema kuwa fitina.

MAUA YANAINGIA NDANI YA NYUMBA

Mwanamke wa kijijini hakuwa na uwezo wa kununua kigae cha İznik wala kitunguu cha lale cha bei ya kasri. Alichokuwa nacho ni sindano, uzi na mikono yake. Hapo ndipo tunaikuta kazi iitwayo oya.

Oya ni kimia chembamba kinachozungushwa ukingoni mwa mtandio wa kichwani. Kinaweza kufanywa kwa sindano ya kawaida, kwa krosheti, au kwa kibao kidogo cha kupitishia uzi. Katika ile ya sindano, mwanamke hufunga fundo moja moja, dogo kuliko punje ya mtama, mpaka mafundo yakawa petali, na petali zikawa ua linalosimama lenyewe. Uzi uliosifiwa zaidi ulikuwa wa hariri, na mji wa Bursa ulikuwa kitovu cha biashara ya hariri kwa karne nyingi. Ili petali isilale, wengine walipitisha unywele wa mkia wa farasi ukingoni mwake, na wengine waliikausha kwa maji ya sukari au ute wa yai.

Katika karne ya 19 kazi hii ilikuwa imeenea Anatolia nzima. Wagiriki na Waarmeni waliokuwa raia wa dola hiyo nao waliijua na kuifanya. Wala maua hayo hayakuvaliwa na wanawake tu. Katika nchi za magharibi ya Anatolia, wanaume mashujaa walioitwa zeybek walizungushia kofia zao mitandio yenye oya, na hakuna aliyewacheka.

Binti alianza kujifunza angali mdogo, na kila alichokimaliza kiliwekwa katika sanduku lake la harusi. Siku ya ndoa sanduku lilifunguliwa, na watu wakaona subira yake na ufundi wake.

UA LINAPOSEMA

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Katika sehemu nyingi za Anatolia, bibi harusi mpya alihamia nyumba ya wakwe zake, na adabu ya zamani ilimtaka anyamaze mbele ya wakubwa wa nyumba. Asingeweza kusema "nimefurahi" wala "nimechoka". Lakini alivaa mtandio, na mtandio ulikuwa na maua, na kila mtu mle ndani alijua kuyasoma.

Maana hizo zilitofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini zipo zilizojulikana sana. Sumbul ilikuwa ya msichana aliye katika mapenzi au aliyechumbiwa. Pilipili nyekundu ilikuwa ni ishara kwamba kuna moto kati yake na mumewe. Majani ya malishoni, ya kijani, yalimaanisha amani na mama mkwe wake. Na ipo oya iliyoitwa "jiwe la kaburi", ambayo mkwe akiiona alijua kwamba ugomvi huo si wa kumalizika leo wala kesho.

Wageni nao waliliona jambo la namna hii. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza aliyekaa Uturuki mwaka 1717 na 1718, aliandika katika barua zake jinsi watu wa Istanbul walivyopelekeana ujumbe wa mapenzi kwa maua na vitu vidogo vidogo, kila kimoja na maana yake, bila kuandika hata herufi moja.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tusishangae. Je, kanga zetu hazisemi? Mama wa Unguja, Mombasa au Ujiji huchagua jina la kanga kwa makusudi, na jirani au mke mwenza akiliona huupata ujumbe wake. Bahari na milima inatutenganisha na Anatolia, lakini haja ilikuwa ni moja: mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema hutafuta kitambaa cha kumsemea.

Wazazi tulizingatie hili. Vijembe na mafumbo yanaweza kuleta uhasama, na dini yetu inahimiza nasaha ya wazi na maneno mema. Lakini kabla ya kumlaumu yule bibi harusi wa pilipili nyekundu, tujiulize: kama angesikilizwa, angehitaji kufuma pilipili? Nyumba ambayo binti, mke na mkwe wana nafasi ya kuzungumza kwa adabu, maua yake hubaki kuwa maua.

UA LINAPOLISHA

Upande wa pili wa historia hii ni riziki, na kwa ajili yake inatubidi tutoke Uturuki twende Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha masikini wa huko. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuwa zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilikuwa kama milioni 6 na nusu.

Khabari za njaa hiyo zilifika Istanbul, na mwaka 1847 Sultan Abdülmecid wa Kwanza, Khalifa wa Waislamu wakati huo, alitoa sadaka ya pauni 1,000 kwa ajili ya Wakristo wale wenye njaa. Wakuu wa Ayalandi walimwandikia barua ya shukrani ambayo ingalipo katika hifadhi za nyaraka za Uturuki. Tunalitaja hili ili vijana wetu wajue kwamba huruma ya Kiislamu haikuwahi kuulizia dini ya mwenye njaa.

Katika miaka hiyo hiyo ya njaa, wanawake wa Ayalandi walishika krosheti. Masista wa Kikatoliki karibu na mji wa Cork walifundisha wasichana, na huko Clones, kaskazini, mke wa kasisi mmoja wa Kiprotestanti, Cassandra Hand, alianzisha mafunzo mwaka 1847. Walifuma mawaridi, majani ya mimea ya kwao na zabibu, kisha wakaviunganisha kwa wavu wa matanzi madogo. Kila familia ilishika ua lake: huyu anafuma waridi tu, yule majani tu, mwingine anaunganisha. Kazi iliuzwa London, Paris na New York, na fedha zake zilinunua chakula na kulipa kodi ya shamba, na kwa wengine zilikuwa nauli ya meli ya kwenda Marekani.

Waridi lao ndilo baba wa mawaridi mengi yanayofumwa leo kwa krosheti. Siri yake ni rahisi. Unafuma duara la petali ndogo, kisha unapitisha mnyororo wa uzi kwa nyuma yake, juu ya mnyororo huo unafuma petali kubwa zaidi, halafu tena na tena. Kwa njia hiyo petali hupandana na ua huinuka.

Lakini mwenye njaa hana nguvu ya kupatana bei. Faida kubwa ilikwenda kwa wafanyabiashara, na aliyetoboka vidole alipata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za Ujerumani na Uswisi zilianza kutoa kimia kinachofanana na cha mkono kwa bei ya chini, na wengi wakapoteza soko lao.

KWETU JE?

Huku kwetu kufuma kwa krosheti kulienea zaidi wakati wa ukoloni, kupitia shule za wamisheni na madarasa ya akina mama. Nchini Kenya, kwa mfano, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952 kiliyaweka mafunzo ya kazi za nyumbani na za mikono miongoni mwa shughuli zake. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka mabinti wao shule za wamisheni wakihofia dini yao, lakini kufuma hakukuhitaji shule. Mtu alikaa na jirani yake barazani, akatazama, akajaribu, akajua.

Kwa hiyo ni kweli kwamba krosheti ilitufikia kwa mkono wa wengine. Lakini ua lililofumwa kwa uzi lilikuwa limeshakaa katika nyumba za Waislamu, na binti wa Kiislamu anayelifuma leo haigi ugeni.

Tena anayo mifano mikubwa zaidi ya hiyo. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapima mikono yao. Alipofariki Zaynab bint Jahsh (Radhiya Allahu 'anha) mwaka wa 20 Hijria, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ulikuwa ni sadaka, kwani Zaynab alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kuzishona, na kipato chake akikitoa katika njia ya Allah.

MAMBO YA KUFANYIA KAZI

Kutokana na historia hii tunapenda kuzinasihi nafsi zetu na familia zetu mambo yafuatayo:

Kwanza, tazameni kabla ya kufuma. Lale lina petali 6. Nargisi lina petali 6 na kikombe katikati. Ua la mlozi lina petali 5. Anayetaka ua lake lifanane na la kweli achukue ua halisi, ahesabu, aone ni wapi rangi inakoza na ni wapi inafifia. Wala si lazima yawe maua ya nchi za baridi. Asumini, waridi na haiba ya bustani zetu baada ya mvua za masika vinatosha.

Pili, tusipunje. Ukimwagiza dada yako maua ya sebuleni, usiseme "ni uzi tu". Hesabu saa alizokaa. Waliowalipa wanawake wa Ayalandi kidogo walitumia njaa yao. Sisi tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi haki yake.

Tatu, tusivuke mpaka. Kazi ya mikono isitupitishe wakati wa swala, wala mapambo yasiwe ya kushindana na majirani. Tukumbuke yaliyowafika watu wa Istanbul mwaka 1730.

Nne, tuandike majina. Kara Memi tunamjua mpaka leo kwa sababu aliandikwa katika madaftari ya kasri. Maelfu ya wanawake waliofuma oya nzuri kuliko michoro yake hatuwajui hata mmoja. Wanafunzi wetu, muulizeni nyanya yako kitambaa kile cha juu ya meza kilifumwa na nani, mwaka gani, na alijifunza kwa nani. Andika, weka pamoja na kitambaa. Hiyo nayo ni historia ya Waislamu, na asipoiandika mjukuu hakuna mwingine atakayeiandika.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) aibariki mikono ya mama zetu na dada zetu, awalipe waliotutangulia kwa yale ambayo watu hawakuwalipa, na azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu, mapenzi na huruma. Aamiyn.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakatuh.